Fidia ya Mabwana: Haiti, Ufaransa na Ibara ya 17

Wazee wangu, walimu wenzangu, na nyie vijana mliojibana huko nyuma, asalaam alaykum, na habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie zile fikra za Ulaya ya karne ya 18 tunazowafundisha watoto darasani: kwamba mtu huzaliwa huru, na kwamba taifa hujitawala lenyewe. Nilikuwa nimepanga kuanzia Paris. Lakini tuko Kilwa Masoko, na Kisiwani panaonekana pale ng'ambo, basi nianzie hapo.

Tarehe 14 Septemba 1776, sultani wa Kilwa alifunga mkataba na Mfaransa aitwaye Jean-Vincent Morice. Aliahidi kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka, kila mmoja kwa reale 20, na yeye sultani apate reale 2 kwa kila kichwa. Mkataba uliandikwa kuwa wa miaka 100. Miezi 2 tu nyuma yake, upande wa pili wa dunia, Wamarekani walikuwa wametangaza kwamba watu wote wameumbwa sawa. Wengi wa waliochukuliwa Kilwa walipelekwa Île de France, ndiyo Mauritius ya leo, na Bourbon, ndiyo Réunion. Na kutoka pwani hii hii, upande wa Msumbiji, miaka ya 1780 merikebu za Kifaransa zilizunguka Rasi ya Tumaini Jema na kwenda kuwauza watu wetu katika koloni la Saint-Domingue. Wakaitwa huko Wamozambiki. Saint-Domingue ndiyo Haiti. Kwa hiyo ninaposimulia ya Haiti jioni hii, msione kama nasimulia ya mbali.

Koloni lile lilikuwa na watumwa karibu laki 5, na sukari na kahawa yake viliitajirisha Ufaransa kuliko koloni lake lolote jingine. Wakati huo huo, Ufaransa ile ile ilikuwa na watu walioandika maneno ambayo mimi nayaheshimu mpaka leo. Mwaka 1765, katika kamusi kubwa ya maarifa iliyosimamiwa na Diderot, mwandishi Jaucourt aliandika kwamba ni afadhali makoloni ya Ulaya yaangamie kuliko kuwatia watu wengi kiasi kile katika dhiki. Nasisitiza jambo hili kwa sababu kuna vijana wanaodhani fikra zile zote zilikuwa hila ya mzungu. Hapana. Jaucourt alimaanisha alichoandika.

Agosti 1789 likaja Azimio la Haki za Binadamu na Raia. Ibara ya 1: watu huzaliwa na kubaki huru na sawa katika haki. Ibara ya 3: asili ya mamlaka yote ya juu imo katika taifa. Hizo tunazikariri. Lakini ni wangapi hapa tumewasomesha wanafunzi ibara ya mwisho, ya 17? Inasema mali ni haki takatifu isiyoguswa. Hakuna anayeweza kunyang'anywa mali yake, isipokuwa pale haja ya umma inapolazimisha, na kwa sharti kwamba alipwe kwanza fidia ya haki.

Sasa jiulizeni: mtumwa wa shamba la miwa ni nani katika azimio lile? Ni mtu wa ibara ya 1, au ni mali ya ibara ya 17? Wenye mashamba walikuwa na jibu lao tayari. Walipodai viti vingi bungeni kwa kuhesabu watumwa wao, mbunge Mirabeau aliwajibu kwamba kama ni hivyo, basi Ufaransa nayo ihesabu farasi na nyumbu wake. Jibu kali, lakini halikumtoa mtu hata mmoja kwenye minyororo.

Waliojitoa ni wenyewe. Agosti 1791 mashamba ya kaskazini yaliwaka moto. Miaka 2 baadaye wajumbe wa Ufaransa kisiwani walilazimika kutangaza kufutwa kwa utumwa, na Februari 1794 bunge la Paris likalithibitisha hilo kwa makoloni yote. Kwa miaka michache ibara ya 1 ilimaanisha ilichosema. Toussaint Louverture, aliyezaliwa mtumwa, akawa jenerali wa Jamhuri ya Ufaransa.

Kisha Napoleon akatuma jeshi chini ya shemeji yake Leclerc, na Mei 1802 Paris ikapitisha sheria ya kudumisha utumwa katika makoloni iliyorudishiwa na Waingereza. Machi ya mwaka huo, kwenye ngome ya Crête-à-Pierrot, askari weusi waliozingirwa walikuwa wakiimba nyimbo za mapinduzi ya Ufaransa. Jenerali Lacroix, aliyekuwa upande wa wazingiraji, ameandika kwamba askari wake walitazamana na kujiuliza kama haki haiko kwa wale waliomo ndani ya ngome. Kila nikifika hapa, mwili unanisisimka. Wenye nyimbo zile walizisikia zikitoka kwa watu ambao wao walitumwa kuwarudisha utumwani, na wakazijua kuwa ni zao. Hata hivyo mizinga iliendelea. Toussaint alikamatwa kwa hila, akafia Aprili 1803 katika ngome ya Joux, kwenye baridi ya milima ya Jura. Novemba jeshi la Kifaransa likashindwa Vertières, na tarehe 1 Januari 1804 Jenerali Dessalines, kiongozi wa jeshi la weusi, akatangaza uhuru wa Haiti. Miezi iliyofuata iliamuriwa mauaji ya Wafaransa weupe waliobaki kisiwani, na hayo nayo yalikuwa maovu, siyafichi.

Nimepita haraka, kwa sababu hapa ndipo vitabu vyetu huishia, na mimi nataka kukaa na mwaka 1825.

Julai ya mwaka huo manowari 14 za Kifaransa zilitia nanga Port-au-Prince, mizinga ikiwa zaidi ya 500. Zilileta amri ya Mfalme Charles wa 10 wa Ufaransa, iliyotiwa saini Aprili 17. Ina ibara 3 tu. Ya kwanza: bandari zifunguliwe kwa mataifa yote, ila bidhaa za bendera ya Ufaransa zilipe nusu ya ushuru. Ya pili: wakazi walipe faranga milioni 150, kwa awamu 5, kuwafidia waliokuwa wenye mashamba. Ya tatu: kwa masharti hayo, sisi mfalme tunawapa wakazi wa sasa wa upande wa Kifaransa wa Saint-Domingue uhuru kamili wa serikali yao.

Sikilizeni lile neno “tunawapa”. Watu wamejitawala miaka 21, wamelishinda jeshi la Napoleon, na jina la nchi yao halimo hata mara moja katika amri ile. Ibara ya 3 ya mwaka 1789 ilisema mamlaka asili yake ni taifa lenyewe. Ibara ya 3 ya mwaka 1825 inasema mamlaka ni bidhaa, na muuzaji ni Paris. Na fidia ile mnaijua ilikotoka: thamani iliyokadiriwa ni ya mashamba pamoja na watu waliokuwa wakiyalima. Mtu aliyejikomboa kwa damu akatakiwa amlipe bwana wake bei ya mwili wake mwenyewe.

Ili mpime ukubwa wa kiasi kile: Louisiana yote, eneo mara nyingi zaidi ya Haiti, Ufaransa iliiuzia Marekani mwaka 1803 kwa faranga milioni 80.

Rais Boyer alikubali, mizinga ikimtazama. Awamu ya kwanza, milioni 30, imekadiriwa kuwa karibu mara 6 ya mapato ya mwaka mzima ya serikali yake. Akakopa milioni 30 kwa mabenki ya Paris yenyewe. Baada ya ada zao kukatwa, zikabaki milioni 24, na zilizopungua zikakombwa hazina. Deni juu ya deni. Mwaka 1838 fidia ilipunguzwa ikawa milioni 90 kwa jumla, lakini mzigo ulikwisha kutua mgongoni mwa mkulima wa kahawa kwa njia ya ushuru, na Boyer mwaka 1826 alikwisha kutunga sheria ya kuwafunga wakulima mashambani. Yeye pia analo la kujibu.

Naona mzee pale anatikisa kichwa; bila shaka anataka kusema kwamba Charles alikuwa mfalme, adui wa mapinduzi, kwa hiyo asiwekwe kwenye hesabu ya wanafikra wa 1789. Ni hoja nzuri. Lakini mwaka 1848 Jamhuri ilirudi, ikafuta utumwa kwa mara ya pili, na mwaka uliofuata ikawalipa fidia mabwana, si watumwa. Deni la Haiti haikulifuta. Jamhuri iliyokuja baada ya 1870 nayo haikulifuta. Wafalme walipita, jamhuri zikapita, ibara ya 17 ikabaki ndiyo yenye kutekelezwa. Na hata hapa kwetu, Zanzibar mwaka 1897, amri iliyoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa ilipanga fidia kwa waliokuwa wakimiliki watu.

Marekani nayo, yenye lile tangazo la 1776, haikuitambua Haiti mpaka 1862. Desemba 1914 wanamaji wake walichukua dhahabu ya thamani ya dola laki 5 kutoka benki ya taifa ya Haiti na kuipeleka New York. Mwaka uliofuata wakaikalia nchi, wakakaa mpaka 1934.

Ndiyo maana siwezi kukubali wanaposema, mwenye nguvu mpishe, ndivyo dunia ilivyo. Waliomo ndani ya ile ngome hawakupisha. Walizishika ibara za 1 na 3 kwa uzito kuliko walioziandika, wakaadhibiwa kwa hilo kwa vizazi.

Mwaka 2003 Rais Aristide aliidai Ufaransa zaidi ya dola bilioni 21. Februari 2004 akawa nje ya madaraka, na serikali ya mpito iliyofuata haikuliendeleza dai. Tarehe 17 Aprili 2025, miaka 200 kamili tangu amri ile, Rais Macron alitangaza tume ya pamoja ya wanahistoria wa nchi mbili. Kurudisha fedha hakukutaja. Taasisi ya fedha iliyotajwa katika ibara ya pili kuwa ndiyo ya kupokea malipo, Caisse des dépôts, bado ipo Paris na inafanya kazi. Tume ikitafuta pa kuanzia, ianze na vitabu vyake vya hesabu.