Mtoto Yuko kwa Bibi, Mama Yuko Uingereza: Nani Anaamua?

Mhadhara kwa wazazi na walezi, Mtwara mjini

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu, shikamooni.

Mwenyekiti amenipa mada ndefu: kanuni za watoto kuwafuata wazazi au jamaa waliohamia nje ya nchi. Sitaigusa yote. Picha za pasipoti, mahali pa kulipia, namna ya kujaza fomu, hayo hata kijana wa stesheneri atakusaidia. Mimi nimekuja na jambo moja. Nimelisema Lindi, nimelisema Nachingwea, nimelisema Masasi, na bado naletewa faili lilelile lenye kasoro ileile. Mzazi anayeomba kumchukua mtoto lazima aonyeshe kuwa yeye ndiye anayeamua kuhusu maisha ya mtoto huyo. Kutuma hela peke yake hakutoshi. Nani anaamua?

Nitazungumzia zaidi Uingereza, kwa sababu mafaili mengi ninayoletewa ni ya huko. Kanuni za Uhamiaji za Uingereza zina aya ya 297. Inamhusu mtoto aliye chini ya miaka 18, hajaoa wala kuolewa, hajaanza kujitegemea, na mzazi wake ana ukaazi wa kudumu kule. Kama wazazi wote wawili wako kule na wana ukaazi huo, njia ni nyoofu. Kama mmoja amefariki, cheti cha kifo kinaongea chenyewe. Kazi iko pale mama yuko Uingereza na baba yuko hai huku Tandahimba, au baba yuko kule na mama yuko huku. Hapo mzazi anayeomba lazima athibitishe kuwa wajibu wa malezi ni wake peke yake.

Najua watu wa kusini mnavyolisikia neno hilo. Mtu anaguna: peke yake vipi, wakati mtoto amelelewa na bibi, na mjomba, na mama mdogo? Hilo swali limeshajibiwa kule. Mwaka 2006 baraza la rufaa za uhamiaji la Uingereza lilitoa uamuzi katika shauri linalojulikana kwa herufi TD, lililohusu mtoto wa Yemen. Likasema malezi ya kila siku yanaweza kuwa mikononi mwa jamaa, na hilo halimwondolei mzazi haki yake. Kinachotazamwa ni nani ameendelea kushika usukani, nani mwenye kauli katika mambo makubwa ya mtoto. Bibi anapika, anafua, anamwamsha mtoto aende shule. Sawa kabisa. Lakini alipotakiwa kuhama shule, nani alisema ndiyo?

Sasa niwaeleze habari ya mama mmoja wa upande wa Newala, ambaye ndugu zake wamenikubalia niisimulie bila majina.

Mama huyu alikwenda Uingereza akamwacha mwanawe wa kiume ana miaka minne, kwa bibi yake. Baba wa mtoto aliikana mimba, hakuwahi kufika hata siku ya kumpa mtoto jina. Mama akafanya kazi ya kuhudumia wazee, miaka ikapita, akapata ukaazi wa kudumu. Mtoto ameshafika kidato cha kwanza. Ombi likaandaliwa, na faili lilikuwa nene. Picha zilikuwemo, risiti za kutuma pesa zilikuwemo, cheti cha kuzaliwa kilikuwemo. Na mjomba, kaka mkubwa wa mama, akaombwa aandike barua ya kuunga mkono.

Ile barua nimeishika kwa mikono yangu. Karatasi ya mistari iliyochanwa kwenye daftari, mwandiko wa kalamu ya bluu uliotulia, chini muhuri wa mtendaji wa kijiji na sahihi za mashahidi. Mzee yule aliandika kwa moyo wake wote. Akasema: mimi ndiye baba na mimi ndiye mama wa mtoto huyu. Nimemvalisha, nimempeleka jandoni, viatu vyake vya shule nimenunua kwa hela ya korosho zangu, na hakuna jambo la mtoto huyu lililowahi kuamuliwa bila mimi.

Ombi likakataliwa. Na barua ya kukataa ilinukuu maneno ya mjomba. Afisa hakuhitaji kutafuta mbali: ndugu wa damu wa mwombaji, mbele ya mashahidi na muhuri wa serikali, amesema mwamuzi ni yeye.

Mjomba yule hakuwa na nia mbaya hata chembe. Kwetu huku, Wamakonde, Wamwera, Wamakua, Wayao, mjomba kusema hivyo ni heshima na ni wajibu. Angeandika pungufu ya hapo angeonekana amemtupa mtoto wa dada yake. Na kwa kuwa alitaka mtoto akubaliwe, akazidisha, kama tunavyozidisha sote tukimsifu mtu wetu.

Ukweli wenyewe ulikuwa mwingine. Nilipokaa na familia nikauliza taratibu, yakatoka mambo ambayo hakuna aliyeyaona kuwa ni ushahidi. Mtoto alipokuwa na miaka tisa alipata ngiri, akapelekwa hospitalini Ndanda. Daktari akataka ridhaa ya upasuaji. Mjomba akasema, ngoja nimpigie mama yake. Mama akaomba simu apewe daktari, akauliza maswali yake, akasema anataka usiku mmoja wa kufikiri, asubuhi akapiga tena akaridhia. Mjomba akaweka sahihi kwa sababu ndiye aliyekuwepo pale. Tena, mtoto alipomaliza darasa la saba, mjomba alitaka abaki karibu na bibi, mama akakataa, akataka aende Masasi. Akaenda Masasi. Aliyeamua ni nani hapo? Ni mama, na mjomba mwenyewe anakiri. Lakini hayo hayakuandikwa popote. Kilichoandikwa ni viatu na korosho.

Walikata rufaa. Kwa aliye nje ya Uingereza muda wa kukata rufaa ni siku 28 tangu apate barua ya uamuzi, basi ilikuwa mbio. Mjomba akaandika maelezo mapya, marefu, yenye tarehe, akieleza kila jambo lilikwendaje. Mwisho wake kijana alikwenda. Lakini kwa kuchelewa, kwa gharama ya wakili, na mama na mtoto wakikaa mbali muda ambao haukuwa na sababu.

Kuna mzee pale anatikisa kichwa. Najua anachotaka kusema, maana nimeshaambiwa: unatufundisha kudanganya. Hapana, mzee wangu. Nasema andikeni lililotokea, lote, pamoja na sehemu ya mama. Na kama kweli mama hajui mwanawe yuko darasa la ngapi, anatuma hela tu na kunyamaza, basi barua tamu haitamsaidia na mimi sitaiandika. Aanze leo kuwa mzazi. Apige simu kwa mwalimu mkuu. Aulizwe kabla mtoto hajahamishwa. Aambiwe mtoto anapolazwa, siyo akishatoka wodini. Akifanya hivyo mwaka mmoja, miwili, faili linajijenga lenyewe, na zaidi ya faili, mtoto anamjua mama yake.

Mwingine atasema, huo ni utaratibu wa Wazungu, sisi mtoto ni wa ujomba. Ubaki wa ujomba. Hakuna afisa anayekuzuia kumpeleka mtoto jando wala unyago. Lakini ukiomba kuingia nyumba ya mtu, unapita mlango alioujenga yeye.

Jambo la baba nalo mlisikilize vizuri, maana linachanganywa. Shauri lilelile la TD linasema kuwa kama wazazi wote wawili wanashiriki malezi, ni nadra sana mmoja wao kuhesabiwa kuwa na wajibu peke yake. Kwa hiyo baba aliyejitenga miaka kumi asije siku ya mwisho akaandika kuwa yeye na mama walikuwa wakishauriana kila kitu, eti kumsaidia mtoto. Anamwangusha. Aandike kuwa hapingi mtoto kwenda, na aeleze kwa kweli alikuwa wapi. Kuridhia safari ni jambo moja, kushiriki malezi ni jambo jingine kabisa.

Na ushahidi. Watu wa mikoa mingine huonyesha risiti za ada, lakini tangu Januari 2016 shule za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne, na watoto wetu wengi wako huko. Risiti ya ada haipo. Basi ombeni barua ya mwalimu mkuu inayosema mzazi hupiga simu, na lini, na kwa jambo gani. Pesa ya sare na madaftari mama akiituma, aandike ujumbe inahusu nini, isiingie tu kwenye simu ya mjomba ikachanganyika na hela ya dawa ya korosho. Meseji za WhatsApp kati ya mama na mjomba kuhusu mtoto msizifute. Simu zinaibwa, zinatumbukia majini kule feri, zinabadilishwa, na mazungumzo ya miaka sita yanapotea kwa siku moja. Chapisheni, wekeni kwenye bahasha pamoja na kadi ya kliniki.

Majina! Hili linanikasirisha kuliko yote, kwa sababu linazuilika. Mtoto cheti chake cha kuzaliwa kina jina la baba. Siku ya kuandikishwa darasa la kwanza aliyempeleka ni mjomba, mwalimu anauliza jina, mjomba anataja la kwake. Jina hilo linaingia kwenye namba ya PREM, ile namba ya kumtambulisha mwanafunzi, linamfuata darasa la nne, la saba, mpaka kidato cha nne. Miaka kumi baadaye mtoto ana cheti cha mtu mmoja na matokeo ya mtu mwingine. Hati ya kiapo inasaidia kueleza, lakini afisa aliyeko maelfu ya kilomita anaona watoto wawili. Hakikini jina siku ya kuandikisha. Na wenye watoto wadogo, cheti ni bure kwa aliye chini ya miaka mitano, kinapatikana kwenye zahanati na ofisi ya kata, Lindi na Mtwara zote zimo kwenye mpango huo wa RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo. Cheti kilichotolewa mtoto akiwa na miezi mitatu kina nguvu kuliko kilichotolewa wiki moja kabla ya ombi.

Umri. Uingereza huhesabu umri wa siku ombi linapowasilishwa. Akitimiza 18 wakati linashughulikiwa, hakuna shida. Akitimiza 18 jana na mkawasilisha leo, aya ya 297 haimhusu tena. Na sisi tuna wimbo wetu: amalize kwanza kidato cha nne. Mtihani ni Novemba, matokeo Januari, na huku kwetu wapo walioanza shule wakiwa na miaka minane au tisa. Piga hesabu mwenyewe. Halafu kuna binti anayeozwa huku mama yake anahangaikia makaratasi. Akishaolewa, ombi la mtoto limekufa siku ileile.

Muda unaniishia. Kuhusu zile pauni 29,000 za kipato kwa mwaka mnazosikia, zilizoanza Aprili 2024, hizo ni za anayemleta mume au mke. Kwa mtoto wa aya ya 297 kinachotakiwa ni kuonyesha ataishi na kutunzwa vya kutosha bila kutegemea fedha za umma.

Shangazi, mjomba au bibi aliyeko kule anaweza kuomba, lakini lazima kuwe na sababu nzito sana zinazofanya isiwe sawa kumwacha mtoto huku. Umaskini peke yake kwa kawaida hautoshi. Na msimpeleke mtoto kwa viza ya matembezi mkakusudia abaki. Mnamtia mtoto matatani kwa jambo ambalo hakuamua yeye.

Marekani mtoto ni aliye chini ya miaka 21 na hajaoa wala kuolewa. Mtoto wa kambo anahesabika kama ndoa ilifungwa kabla hajafika 18. Mjomba hana njia ya kumwombea mpwa moja kwa moja.

Canada ni chini ya miaka 22, na hapo nawaomba sana: mzazi anayehamia kule ataje watoto wake wote kwenye ombi lake mwenyewe, hata yule ambaye hana mpango wa kumchukua. Kifungu chao cha 117(9)(d) kinamwondoa mtoto aliyefichwa. Wapo wanaomficha mtoto wa nje ya ndoa kwa aibu, na baadaye wanalia.

Naishia hapo. Wenye mtoto aliyetimiza miaka 16 na zaidi msiondoke, sogeeni meza ya mbele na cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki na chochote chenye jina la shule. Mwenye barua ya mjomba ambayo haijatumwa aitoe, tuisome pamoja kabla ya alasiri.