Likizo Imeisha Diani, Kijiji Kiko Juu ya Wundanyi

SALIM: Karibuni tena kipindini. Leo tunamwelekeza mtu mmoja mahususi. Amekuja Kenya kujitolea, anasomesha hesabu kwenye kijiji kimoja milima ya Taita, juu ya Wundanyi. Desemba wazazi na nduguze wamemjia kutoka ng'ambo, wamekaa Diani, kusini mwa Mombasa, wiki mbili, wamemaliza, wamepanda ndege. Yeye ndiye aliyebaki, na begi moja alilokuja nalo limekuwa matatu.

MWANAISHA: Matatu na kikapu. Usisahau kikapu, bwana Salim.

SALIM: Na kikapu. Haya, dada Mwanaisha, safari ya kumrudisha kijijini inaanzia wapi?

MWANAISHA: Inaanzia kijijini. Kosa la wengi ni kuhesabu kutoka mlango wa hoteli: nitaamka, nitakunywa chai, nitaondoka. Hesabu irudi kinyumenyume. Kipande cha mwisho ni bodaboda kwenye njia ya udongo mwekundu, na kwetu jua linazama kwenye saa kumi na mbili na nusu. Ukiwa na mizigo, gizani hupandi ile njia. Kwa hiyo Wundanyi ufike saa tisa alasiri, ukichelewa sana saa kumi. Ili ufike saa tisa, mji wa Voi uwe umefika saa saba, maana matatu ya Voi kwenda Wundanyi haina ratiba, inaondoka ikijaa. Siku yenye abiria inajaa kwa dakika ishirini, siku kavu utakaa saa nzima unatazama kondakta akiita watu.

SALIM: Na Voi saa saba maana yake Mombasa uiache saa tatu asubuhi. Kuna njia mbili: treni au barabara. Treni inayosimama Voi kwa uhakika ni ile ya asubuhi ya vituo vyote, inatoka Miritini, stesheni ya Mombasa, saa mbili. Zile za haraka usizitegemee kwa Voi.

MWANAISHA: Na hapo ndipo ninapogombana na watu. Aliyelala Diani hana treni ya saa mbili. Asikate tiketi kabisa.

SALIM: Eleza, maana wataona ni karibu kwenye ramani.

MWANAISHA: Kwenye ramani ni karibu, kwenye feri si karibu. Toka Diani mpaka Ukunda, matatu mpaka Likoni, ushuke na mizigo, uteremke na umati, uvuke. Kuvuka kwenyewe ni dakika chache na mwenda kwa miguu halipi kitu, lakini kusubiri feri ijae, ifunge, ifungue, asubuhi wafanyakazi wote wanakwenda kisiwani Mombasa, hiyo huwezi kuipimia. Halafu kisiwani mpaka Miritini upite Changamwe, na Changamwe ina malori ya bandarini. Getini Miritini uwe umefika saa moja kasorobo, kwa sababu ya ukaguzi.

SALIM: Ukaguzi wenyewe: mabegi yanapangwa mstari chini, wenyewe mnasimama kando, mbwa anapita ananusa. Kisha mashine. Kisu cha jikoni ulichomnunulia mama mwenyeji kitabaki pale. Mtungi wa gesi pia haupiti.

MWANAISHA: Kwa hiyo anayetaka treni alale kisiwani au upande wa Changamwe usiku wa kuamkia safari. Akiwa na gari la kukodi anaweza kupitia barabara ya Dongo Kundu aikwepe feri, lakini kujitolea na gari la kukodi havikai nyumba moja.

SALIM: Tiketi unakata kwa simu, *639#, na nambari ya pasipoti. Andika nambari ileile ya pasipoti utakayobeba mkononi, si ya kitambulisho cha mgeni kilichobaki kijijini kwenye sanduku. Unalipa kwa M-Pesa, tiketi yenyewe unaichapa kituoni.

MWANAISHA: Na ukate mapema, maana mwisho wa likizo yake ndio mwanzo wa muhula. Wiki ya kufungua shule Januari, kila mwanafunzi wa bweni wa pwani anapanda bara na sanduku lake la bati. Treni inajaa, nauli za matatu zinapanda. Kama ratiba yake inamruhusu, avuke siku mbili tatu kabla ya wiki hiyo, au asubiri ipite.

SALIM: Na akikosa treni?

MWANAISHA: Barabara. Mimi kwa aliyelala Diani naipendelea barabara hata kama treni ina nafasi. Kutoka Mombasa mpaka Voi ni kilomita 150 na ushei, siku njema ni mwendo wa saa tatu. Siku mbaya, lori limeharibika kwenye mlima au foleni imefunga Mariakani, ni saa tano. Lakini una faida moja: basi likikuacha kuna jingine. Treni ikikuacha, siku yako imekwisha.

SALIM: Pale Voi, stesheni ya treni haiko katikati ya mji. Chukua tuktuk mpaka stendi ya Wundanyi. Na kabla hujapanda, toa pesa pale Voi. Wakala wa kijijini huwa na pesa za kutoa elfu mbili tatu, ukimwambia elfu kumi atakwambia rudi kesho. Omba noti za hamsini, mia na mia mbili. Bodaboda wa mlimani hana chenji ya elfu.

MWANAISHA: Matatu ikipita Mwatate inaanza kupanda kwa kona. Anayetapika safarini akae mbele na asile mahamri mengi Voi.

SALIM: Kwa hilo sina utetezi.

MWANAISHA: Pale Wundanyi, bodaboda mapatano kwanza, mzigo ukiwa umeonekana. Ukimwita kwa simu bila kusema mabegi ni matatu, bei itabadilika akikuona, na ni haki yake. Begi zito linakaa juu ya tangi mbele ya dereva, jepesi nyuma likafungwa kwa mpira wa tyubu, wewe katikati. Zito likikaa nyuma, gurudumu la mbele linakuwa jepesi kwenye mwinuko na pikipiki inainuka. Kama mvua imenyesha, bora boda mbili.

SALIM: Tuingie kwenye kikapu. Mtu akitoka Mombasa, kijiji kinatazama mkono.

MWANAISHA: Peleka vya pwani. Zawadi za ng'ambo zinaleta maneno, nani kapata na nani hakupata. Nazi zinafaa, mlimani hazioti. Tikisa usikie maji, tazama yale macho matatu yawe makavu. Jicho lenye unyevu ni nazi iliyoanza kuoza. Tende na halua zinavumilia safari. Papa mkavu anapendwa, ila mfunge magazeti tabaka tatu nne, na si mfuko wa plastiki, ile imepigwa marufuku tangu 2017. Abiria wenzako wana pua.

SALIM: Na leso?

MWANAISHA: Leso nunua Biashara Street, jozi, uikunjue usome jina, yaani maneno yaliyoandikwa, kabla hujalipa. Wageni wanachagua rangi. Umempa mama mwenyeji leso nzuri ya samawati, kumbe imeandikwa "Hasidi hana sababu". Mama huyo atalala anajiuliza amekukosea nini. Tafuta "Nani kama mama", ulale salama.

SALIM: Kuna jambo la afya tusilipite. Diani kuna malaria, na vimelea huchukua siku saba au zaidi kabla homa haijatoka. Kwa hiyo homa ya Diani hutokea Wundanyi. Kule kuna baridi, watu watamwambia ni mafua. Akipata joto la mwili, maumivu ya viungo na kichwa katika wiki zile za baada ya Diani, aende kupimwa damu siku hiyohiyo, asinywe panado akasubiri.

MWANAISHA: Na dawa ya kinga asiikate siku aliyoondoka pwani. Doksisaiklini inaendelea wiki 4 baada ya kutoka eneo la malaria, atovakwoni na proguanili siku 7. Awakumbushe na wazazi wake pia, huko kwao ndiko wanakosahau.

SALIM: Nyumba imefungwa wiki mbili. Maji ya dumu?

MWANAISHA: Mwaga, osha dumu, chota mengine, ya kunywa chemsha mpaka yatokote kabisa dakika moja. Godoro likung'utwe nje, chandarua kitazamwe kama panya amekipitia. Lakini hayo ya pili.

SALIM: Ya kwanza?

MWANAISHA: Ya kwanza ni simu, siku moja kabla ya kuondoka Mombasa. Ampigie mama mwenyeji aulize: nani anaumwa, nani amejifungua, nani amefariki. Wiki mbili ni nyingi kijijini. Kama kuna msiba, akifika anatua mizigo na kwenda kutoa pole kabla ya kugawa halua, na mchango wake auweke kando katika zile noti za Voi.