Joto Ndilo Linalosukuma Gari

Wazee wangu, shikamooni. Mafundi wenzangu, na nyinyi vijana mnaosomea ufundi, habari za jioni. Asanteni kwa kufunga kazi mapema na kuvumilia foleni hadi kufika hapa.

Nina jambo moja tu. Hapa Dar tumezoea kuliona joto kuwa adui wa injini. Gari likichemsha pale Ubungo, abiria wanashuka, fundi anaitwa, na dawa ya kwanza anayoitaja ni kung'oa themostati, kile kivali kinachofungulia maji yaende kwenye rejeta injini ikipata joto. Mimi nasema joto ndilo kazi yenyewe ya injini.

Tuingie ndani ya silinda. Katika injini ya mipigo minne, ile aliyoifanikisha Nikolaus Otto huko Ujerumani mwaka 1876, pistoni inashuka ikivuta hewa na petroli, inapanda ikivibana, plagi inapiga cheche, gesi inaisukuma pistoni chini, kisha inapanda tena kutoa moshi. Hayo mnayajua. Tukae kwenye mpigo wa tatu, maana ndio pekee unaozalisha nguvu. Mingine yote inaikopa kwake.

Cheche ikipiga, moto unatambaa kutoka kwenye plagi kuelekea kuta za silinda, na joto la gesi linapita nyuzi 2,000 za Selsiasi. Gesi imebanwa, haina pa kwenda. Shinikizo linapanda ghafla, na kinachoweza kusogea ni pistoni peke yake. Inashuka, koneti rodi, mkono unaoiunganisha na krenki, inaizungusha krenki hiyo, yaani shafti kuu ya injini, magurudumu yanapata mwendo. Kadiri gesi inavyotanuka na kuisukuma pistoni ndivyo inavyopoa, kwa sababu sehemu ya joto lake imekwisha kuwa mwendo. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, mpigo huo wote unachukua sekunde 0.01. Ndiyo maana cheche hupigwa pistoni ikiwa bado haijafika juu: moto nao unataka muda wake. Taimingi, yaani wakati wa kupiga cheche, ikichelewa, gesi inatoka kwenye bomba la moshi ikiwa bado na joto kali, na mwenye gari ameshalilipia joto hilo kwenye sheli.

Hewa nayo tunaisahau mno. Petroli kilo 1 inahitaji hewa kilo 14.7 hivi ili iungue yote. Piga hesabu: lita moja ya petroli inakunywa karibu mita 9 za ujazo za hewa. Kwa hiyo yule kijana wa bodaboda anayepita vumbi kila siku, kilina yake, yaani kichujio cha hewa, ikiziba, kabureta inazidisha mafuta, moshi unakuwa mweusi na nguvu zinashuka. Tafadhalini, mwambieni kabla hamjagusa kitu kingine.

Dizeli haina plagi. Ukijaza upepo tairi la baiskeli, pampu inapata moto mkononi. Hewa ikibanwa hupata joto. Injini ya dizeli inaibana hewa mara 16 hadi 20, joto linapita nyuzi 500, nozo inanyunyiza mafuta na yanawaka yenyewe. Rudolf Diesel alipoipima injini yake mjini Augsburg mwaka 1897, kama asilimia 26 ya joto la mafuta iligeuka kazi, na injini za mvuke za wakati ule zilikuwa chini ya hapo.

Hata leo, gari la kawaida la petroli likienda vizuri, takriban theluthi moja ya joto ndiyo inayogeuka mwendo. Nyingine inatoka na moshi, nyingine inachukuliwa na maji ya rejeta. Likisimama kwenye foleni linaunguruma, mwendo ni sifuri.

Sasa themostati. Ukiitoa, injini inakawia kupata joto lake. Petroli haigeuki mvuke vizuri, kompyuta inaongeza mafuta, mengine yanateremka kwenye oili. Na kuna injini nyingi ambazo themostati ikifunguka huiziba njia ya mkato ya maji. Ukiing'oa, njia ile inabaki wazi, sehemu ya maji inazunguka bila kupita kwenye rejeta, na gari linazidi kuchemsha! Tafuta chanzo: rejeta imeziba, feni haizunguki, mfuniko haushiki presha, gasketi imeungua.

Hii niliyoishika imeandikwa 82. Nitaitumbukiza kwenye sufuria hii ya maji, pamoja na kipimajoto, jiko liwashwe. Sogeeni mtazame: ikifika kama nyuzi 82 inaanza kuachia, na ikikaribia 95 iwe wazi kabisa. Ikifanya hivyo ni nzima, irudishe kwenye gari. Ikigoma, nunua nyingine yenye namba hiyohiyo.