Buni kisweta chako mwenyewe: dagaa wa Kigoma kwenye nguo ya mtoto

Habari zenu jamani, karibuni tena barazani kwangu hapa Mwanga, Kigoma. Najua mtacheka: mji una joto hivi, sweta la nini? Anayecheka hajapanda milima ya Manyovu alfajiri ya mwezi wa saba. Kisweta cha mtoto kule kinavaliwa, tena kinatafutwa. Lakini leo sikupi mfumo wangu uunakili. Nataka uone unavyozaliwa, ili ubuni wa kwako.

Tuanze na uzi. Hela ikiwepo, nunua dukani. Huu wa bluu ninaoushika ni sweta la mitumba nililolifumua. Ukiwa mnadani, geuza sweta ndani nje, tazama mshono wa ubavuni. Ukikuta limekatwa kwa mkasi likapigwa ovaloki, liache hapo hapo. Utavuna vipande vifupi vifupi hadi ulie. Chukua lile ambalo kingo zake ni nzima na limeungwa kwa uzi unaochomoka. Ukishalifumua, zungusha uzi kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne usitatizike, uloweke, kisha uanike ukiwa na kitu kizito chini. Mimi natundika kufuli. Ukikauka unakuwa umenyooka.

Sindano zangu ni za milimita 4. Wengi tulijifunzia spoku za baiskeli, na sizidharau, ila spoku ina kama milimita 2 tu. Kwa uzi huu kitambaa kitakuwa kigumu kama turubai.

Sasa sogea karibu na kamera, maana hapa ndipo watu wanaporuka. Fuma sampuli. Anzisha vitanzi 30, fuma safu 40: safu moja ya kawaida, uzi ukiwa nyuma ya sindano, inayofuata ya kinyume, uzi ukiwa mbele. Ifue kama utakavyofua nguo yenyewe, iache ikauke, ndipo uweke rula katikati, mbali na kingo. Kisweta changu cha kwanza nilikifuma bila sampuli, kwa makadirio ya macho. Kilikusudiwa mtoto wa dada yangu, kikaishia kwa mwanasesere.

Yangu hii, sentimita 10 kwa upana zina vitanzi 20. Sentimita 10 kwa urefu zina safu 28. Ziandike daftarini. Mkono wako una namba zake. Mwingine akifuma kwa uzi huu huu na sindano hizi hizi anaweza kupata 22.

Mtoto wa miezi mitatu nimempima kifua: sentimita 41. Sweta lisimbane, na wiki ijayo atakuwa mnene zaidi, kwa hiyo naongeza 5. Zinakuwa 46, nusu yake ya mbele 23. Kila sentimita ina vitanzi 2, basi 46, na viwili vya kingo kwa ajili ya kushona: 48.

Subiri, usianze bado. Kuna pambo.

Jana nilishuka mwalo wa Kibirizi, dagaa wameanikwa, wanameta. Nikasema hao hao. Chukua daftari la hesabu, lile lenye miraba. Mraba mmoja ni kitanzi kimoja. Ila uwe macho: kitanzi si mraba, ni kipana kuliko kilivyo kirefu. Vitanzi 5 kwa upana vinalingana na safu 7 kwa urefu. Niliwahi kuchora jua la duara zuri, likatoka kama yai lililolala. Ukitaka duara, lichore refu kwenye karatasi. Dagaa lakini anapendeza akibanwa, maana ndivyo alivyo, mwembamba.

Dagaa wangu ana safu 3 tu, na anajirudia kila vitanzi 8. Safu ya 1: kimoja bluu, viwili kijivu, viwili bluu, kimoja kijivu, huo ndio mkia, viwili bluu. Safu ya 2: vitano kijivu, vitatu bluu. Safu ya 3 kama ya 1. Safu ya 2 unaifuma upande wa nyuma, kwa hiyo isome kinyume: vitatu bluu kwanza, ndipo vitano kijivu. Uzi usiotumika unapita nyuma, na hapa hauruki zaidi ya vitanzi 5. Ukiruka mbali, kidole cha mtoto kitanasa humo.

Sasa rudi kwenye hesabu. Nimetoa vya kingo, nina 46. Gawa kwa 8: dagaa watano, vinabaki 6. Ungeweza kuacha vitatu kila upande. Mimi naongeza viwili, dagaa wawe sita kamili: 48, na kingo 50. Sweta linapanuka kwa sentimita 2 tu kuzunguka mwili mzima, mtoto atazijaza.

Kabla hujaamua rangi, zipige picha kwa simu, uigeuze nyeusi na nyeupe. Zikifanana, dagaa hawataonekana hata uwe fundi vipi.

Urefu nataka sentimita 26, kama safu 72 hivi. Safu 10 za kwanza ni pindo: kimoja cha kawaida, kimoja cha kinyume, ili livutike. Mikono tutaifuma kutoka begani kushuka: vitanzi 46, punguza viwili kila baada ya safu 6, mara saba, ubaki na 32, kisha umalizie kwa pindo. Andika kila unachopunguza. Usipoandika, mkono wa pili utakuwa wa mtoto mwingine.

Shingo ndiyo inayoharibu visweta vingi. Gawa vile 50: bega 16, shingo 18, bega 16. Shingo hiyo ina sentimita 9 tu, na kichwa cha mtoto wa umri huu kina karibu sentimita 40 kuzunguka. Hakipiti. Kwa hiyo bega la kushoto usilishone. Lifumie pindo la safu 6, acha matundu matatu, weka vifungo. Vyangu nimevikata kwenye shati kuukuu la mzee wangu, na bado hajagundua.