Andikeni Nyuma ya Picha

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu wa Msimbazi, watu wa Simba, ndugu zangu wa Jangwani, watu wa Yanga, habari za mchana. Namshukuru mwenyekiti kwa kuniita tena. Nasema tena, kwa sababu naona vijana pale nyuma wameshaanza kucheka, wanajua ninachokuja kusema. Ni kilekile. Mwaka juzi nilikisema, mwaka jana nikakirudia, leo nimekuja nacho, na nitanyamaza siku mtakapokifanya.

Nimekuja na picha. Hii hapa. Ukubwa wake kiganja tu, nyeusi na nyeupe, pembe moja imeliwa na mende. Niliikuta katika albamu ya marehemu baba. Ni kikosi cha mpira: sita wamesimama, watano wamechuchumaa, mpira uko mbele ya aliye katikati. Kulia kabisa, pale mpiga picha alipokata, kuna mkono umeshika ndoo. Mwenye mkono hayumo. Geuza nyuma: baba ameandika neno moja kwa wino, "Tulipowafunga."

Basi. Sisi akina nani? Tuliwafunga akina nani, wapi, mwaka gani, ngapi kwa ngapi? Baba yangu alikuwa mtu wa kuandika bei ya sukari kwenye daftari, tarehe na jina la duka. Lakini hapa neno moja. Nikajiambia, aliona hakuna haja, siku ile mji mzima ulijua. Na ndivyo tulivyo sote. Picha tunaipiga siku ambayo kila mtu anajua, tunakuja kuitazama siku ambayo hayupo wa kumuuliza.

Nikaichukua nikaenda nayo Kariakoo, kwenye baraza moja la wazee, saa ya kahawa. Baba alijulikana mtaa mzima kuwa ni Simba, Simba asiyetaniwa akiwa anakula. Kwa hiyo nilikwenda na swali dogo tu: hii ni Simba ya mwaka gani?

Mzee wa kwanza akapangusa miwani, akaanza kama anayesoma gazeti: waliosimama, kutoka kushoto. Akataja kumi na mmoja bila kupumua. Elfu moja mia tisa sabini na tatu, akasema, na akanirudishia picha kama hakimu anayefunga faili. Mzee wa pili akainyaka kabla haijanifikia. Naye akataja kumi na mmoja. Nilikuwa naandika, majina yaliyolingana yalikuwa manne. Mzee wa tatu aliwaacha wamalize, akanywa kahawa yake taratibu, akasema: "Nyinyi mnasoma msichokijua. Hii ni Yanga."

Mnajua kilichofuata. Mchezo wa bao pale barazani ulisimama. "Tazama jezi!" "Jezi imefanya nini?" "Nyekundu hii!" Nyekundu iko wapi, wazee wangu? Picha ya nyeusi na nyeupe haijui nyekundu wala kijani. Zote zinatoka kijivu, tena kijivu cha kufanana. Watu wamegombana miaka na miaka kwa ajili ya rangi hizo mbili, halafu kamera inazichukua zote mbili na kuzifanya uji wa aina moja. Mimi nilicheka, nikaambiwa sina adabu.

Sasa muuza kahawa alikuwa amesimama nyuma yetu na birika lake. Wao wanamwita kijana, lakini ana sitini huyo. Akainama begani kwangu akasema, "Samahani dada, mbona kuna mawe?" Kimya. Mawe gani? Akaonyesha kwa kidole. Juu ya vichwa vya waliosimama, nyuma ya watu, pana kilima, na juu ya kilima mawe yamepandana. Picha hii nilikuwa nayo miezi minane na sikuwahi kuyaona, kwa sababu nilikuwa natazama wachezaji. Wazee wale watatu hawakuyaona, kwa sababu walikuwa wanatazama ujana wao. Dar es Salaam tuna mawe gani ya kupandana? "Kule ni kwetu," akasema yule bwana. "Hii ni Nyamagana."

Mwanza! Na mtu akitaja Uwanja wa Nyamagana mbele ya wazee wa mpira, akili zao zinakwenda mahali pamoja tu: tarehe 10 Agosti, 1974. Simba na Yanga wanacheza mechi ya ubingwa, Adam Sabu anatangulia kuifungia Simba, dakika zinakwisha, Gibson Sembuli anasawazisha mwishoni, zinaongezwa nyingine, na Sunday Manara, yule waliyemwita Computer, anamaliza kazi. Yanga 2, Simba 1. Mzee wa tatu alicheka mpaka kashata ikampalia, ikabidi apigwe mgongoni. "Binti," akaniambia machozi yakimtoka, "baba yako kaandika tulipowafunga. Waliofunga kule ni sisi."

Sisemi kwamba ni siku ile. Timu zimekwenda Mwanza siku nyingi. Huenda hata si Simba wala Yanga. Timu ya Pamba ni ya kulekule, kwa nini wasipige picha nyumbani kwao? Ninachosema ni kwamba wazee watatu wenye macho na kumbukumbu, kila mmoja ana timu nzima kichwani, na aliyeona kitu ni muuza kahawa. Kama angekuwa amekwenda kuongeza mkaa wakati ule, mimi leo ningekuwa nimeshaitundika ukutani: "Simba, 1973, Uwanja wa Taifa." Kwa fremu ya dhahabu.

Na haikuishia hapo. Mpwa wangu akaipiga picha kwa simu, akaitia kwenye hizi programu za akili mnemba za kutia rangi. Nusu dakika. Jezi zikawa nyekundu tii, akaipeleka kwenye grupu lao la WhatsApp. Grupu la upande wa pili wakaichukua wakaifanya kijani. Wiki haijaisha nikaletewa na mtu nisiyemjua, jezi za kijani, imeandikwa "Sambaza kama unaipenda Yanga". Picha ya baba yangu! Na nyuso zimelainishwa. Huyu aliyechuchumaa wa tatu kutoka kushoto amepewa meno ambayo kwenye karatasi hana. Mjukuu wake akiiona atasema babu alikuwa na meno mazuri. Sikatai rangi, vijana wangu, msije mkasema shangazi anachukia simu. Tia rangi ukitaka, lakini useme umetia, na ya asili uiache kama ilivyo.

Najua kuna mtu anataka kuniambia: mama, hangaika ya nini, mtandaoni kila kitu kipo. Kipo nini? Tuulizane. Ile tano-bila ya Yanga dhidi ya Simba, tarehe 1 Juni, 1968, ambayo watu wa Jangwani mnaamka nayo na kulala nayo, nani ameitazama? Nionyesheni filamu yake hapa. Maulid Dilunga mawili, Salehe Zimbwe mawili, Kitwana Manara moja, mnayajua mabao kwa kukaririshwa, kama Fatiha. Televisheni huku Bara imeanza 1994. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya sabini, tena ya rangi, sisi tulikuwa na redio na betri za kuanika juani. Simba ilipocheza fainali ya Kombe la CAF na Stella ya Abidjan mwaka 1993, ikatoka sare ya bila kule kwao, halafu ikafungwa mbili hapa nyumbani, waliokuwa nje ya uwanja walililia sauti ya mtangazaji. Unayemkumbuka "ukimwona" akimpiga chenga beki, humkumbuki yeye. Unamkumbuka Ahmed Jongo akikusimulia. Na mimi sisemi kwamba ni uongo! Pengine Jongo alikuwa anaona vizuri kuliko wewe ungeona kule kwenye mzunguko nyuma ya mtu mwenye mwavuli.

Nasikia watu wa Simba wanaguna kuhusu hiyo ya 1968. Naujua utetezi wenu. Mnasema waliofungwa tano si Simba, ni Sunderland, maana jina la Simba limekuja 1971. Haya. Na ubingwa wa Sunderland mnauhesabu au hamuuhesabu? Mbona kwenye kuhesabu vikombe mnamtambua babu, kwenye mabao mnamkana?

Na Yanga msicheke sana. Tarehe 19 Julai, 1977. Sita-bila. Abdallah Kibadeni matatu, Jumanne Masimenti mawili, na moja mlijifunga wenyewe. Nanyi mna utetezi: timu ilikuwa imepasuka mwaka uliotangulia, wachezaji wametoka, Pan African imezaliwa, waliobaki walikuwa watoto. Ni kweli. Lakini tazameni picha za siku ile zinazozunguka kwenye simu: mgogoro hauonekani. Picha inaonyesha mtu anashangilia na mwingine ameshika kiuno. Kwa nini ameshika kiuno, hiyo inatakiwa iandikwe na mtu. Nyuma. Narudi palepale.

Mnanizungusha, mimi nilikuwa na mambo matano ya kusema leo na bado niko kwenye la kwanza.

La pili ni hili la kwamba zamani ndiko kulikuwa na mpira. Wazee wangu, kwa heshima. Kila kizazi kilichokaa baraza kimesema hivyo. Wa 1993 waliambiwa hawajui mpira na wa 1974, mwaka ambao Simba ilifika nusu fainali ya Afrika ikatolewa na Mehalla ya Misri kwa penalti. Leo wa 2003, walioitoa Zamalek kulekule Cairo, wanawaambia hivyo watoto waliozaliwa juzi. Na nyinyi wa Yanga mlioshangilia kuifunga Simba tano-moja Novemba 2023, ngojeni tu, miaka ishirini ijayo mtakuwa hapa mnawakera watu. Sikatazi. Ila picha za siku hiyo ziko wapi? Kwenye simu iliyoibiwa Mbagala. Za baba yangu zimeliwa na mende, lakini mende anakula pembe moja kwa mwaka. Simu inakwenda na zote elfu tatu.

Na msidhani habari ya picha inangoja miaka hamsini ibadilike. Tarehe 6 Mei, 2012, Simba wameipiga Yanga tano-bila, mpaka kipa Kaseja amefunga penalti, watu wamepiga picha wanacheka. Mchezaji wao Patrick Mafisango alikuwemo. Tarehe 17 ya mwezi uleule akafa kwa ajali ya gari. Siku kumi na moja. Picha ileile, hakuna aliyeigusa, na huwezi tena kuitazama kwa jicho la kwanza.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Naiona, mwenyekiti.

Basi haraka haraka. Andikeni kwa penseli, laini, si kwa wino. Wino unapenya, baada ya muda unauona usoni kwa golikipa. Juu ya kitu kigumu, usikandamize. Andika nani, wapi, lini, na nani alikwambia, kwa sababu huyo aliyekwambia naye ana timu yake. Humjui mtu, andika humjui. Usimpe jina la jirani yake. Gundi acheni, na zile albamu za karatasi za kunata acheni. La tatu, sauti za wazee: simu zenu zina kinasa sauti, mnakitumia kurekodi ugomvi tu. La nne lilikuwa filamu zenyewe za wapiga picha wa magazeti. Nimewahi kwenda ofisi moja, siitaji, nikaonyeshwa chumba chenye maji mpaka kifundo cha mguu. Nikiianza hiyo hatuli. La tano lilikuwa wanawake jukwaani, maana mama zetu walikuwepo uwanjani na hakuna picha inayowatazama. Hilo mnialike tena.

Nimalizie habari ya baba, naona mzee pale anataka kuniuliza.

Nilirudi nyumbani sijui nimuulize nani, mama naye hayupo. Nikampigia shangazi yangu, Tanga. Nikamsomea neno lile. Shangazi akanyamaza, halafu akacheka kile kicheko cha mtu aliyetunza kitu muda mrefu. "Nani alikwambia baba yako ni Simba?" Nikamwambia, shangazi, mtaa mzima. "Mtaa wa baada ya harusi," akasema. Kumbe alipokwenda kuposa, babu mzaa mama, ambaye ni wa Msimbazi tangu ikiitwa Sunderland, alisema mahari ataipokea, lakini binti yake hataozwa kwa mtu wa Jangwani. Baba akaenda, akafikiri siku tatu, akarudi amekwishahama. Ndoa ilifungwa 1975.

Kwa hiyo mimi niliyemlaumu kwamba alikuwa mvivu wa kuandika, sijui niseme nini sasa. Mtu wa kuandika bei ya sukari. Aliishi na picha ile katika nyumba ya Simba, na watoto wa Simba, na mkwe wa Simba anayekuja kila Ijumaa, na angeandika nini zaidi ya neno moja?

Au ni Pamba. Shangazi hakuiona picha, alisikia neno tu.

Penseli ziko mezani pale mlangoni, nimeleta boksi mbili. Picha naiacha kwa mwenyekiti, mikono iwe mikavu. Wachezaji msihangaike nao, mtagombana. Mimi nataka mtu aliyekuwa Mwanza mwaka ule, aniambie ndoo alishika nani. Aje kabla hajaenda kwenye pilau.