AC ya gari inatoa joto? Usikimbilie gesi

Haya wadau, karibuni tena chini ya boneti. AC imegoma, na najua wengine mko njiani kununua gesi. Tulieni kwanza. Gesi ya AC haichomwi kama petroli, inazunguka tu humo humo ndani. Ikipungua, ujue inavuja.

Washa gari, AC, baridi ya mwisho, feni ya mwisho. Hiyo mnaijua.

Upepo ni hafifu? Boneti iache. Toa droo ya dashibodi, chomoa filta. Tazama... ngoja kamera isogee... haya. Majani, vumbi, manyoya ya paka. Na mimi sina paka.

Upepo mwingi lakini wa vuguvugu, njoo huku mbele. Kompresa hii, pampu inayosukuma gesi. Puli ya nje inazunguka na mkanda muda wote, vidole mbali! Macho yako hapa katikati, kwenye klachi, inayoishika puli ili kompresa ifanye kazi. Dogo, washa AC... Tak! Mmeisikia? Isipolia, kagua fyuzi, kisha relei, ile swichi ndogo ya umeme. Mimi huazima relei ya honi kama namba zinafanana. Kompresa nyingine za kisasa hazina klachi, hapo usisubiri mlio. Feni ya mbele ya rejeta nayo izunguke.

Sasa geji, kipimo cha presha ya gesi. Hizi nauza mwenyewe, ila usininunulie kabla hujatazama filta. Inafungwa kwenye bomba nene, kifuniko chenye herufi L. Vaa glavu na miwani: gesi hii ya AC, R134a, huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, ikikurukia inababua.

Na hapa jamani nisikilizeni. Usisome geji kompresa ikiwa imelala. Mimi niliwahi kusoma 85 psi, nikasema gesi imejaa, nikafumua dashibodi kutwa nzima. Kumbe injini ilikuwa imezimwa! Kompresa ikisimama, presha ya pande zake mbili inalingana, na maadamu kuna gesi kidogo iliyo maji, geji inakusomea joto la siku hiyo, si kiasi cha gesi. Kompresa ifanye kazi kwanza, injini kwenye mizunguko kama 1500. Hapo R134a upande huu husoma takriban 25 hadi 45, kutegemea joto la nje.

Tuone. Thelathini... ishirini... aa, kompresa imekata. Sindano inapanda, mnaiona? Msiisome! Imelala! Subiri... tak. Inashuka tena, ishirini, imekata. Kuwaka na kukata haraka hivi, gesi imepungua.

Zima gari, fuata mabomba kwa tochi. Pale gesi inapotoka, mafuta ya kompresa hutoka nayo, vumbi likanata. Hiki kiungo hapa, cheusi chenyewe kati ya vingine vikavu. Paka maji ya sabuni... Dogo, leta mwanga... Hilo povu dogo dogo, linakua.

Oringi, mpira wa kuziba kiungo, imekufa. Nati hii siigusi, ndani bado kuna presha. Mwenye mashine ainyonye gesi kwanza, ndipo nibadilishe.