"Mwalimu, Si Nilikukosa?"

Shikamooni wazee. Na ninyi wengine, habari za jioni. Mwenyekiti amenipa dakika ishirini na ameniomba nisirudie yale ya mwaka jana. Nitayarudia, kwa sababu barabara ni ileile.

Baiskeli zenu nimeziona zimeegemezwa ukutani kuanzia getini, nyingine bado zina mzigo kwenye karia. Basi sina haja ya kuwaeleza, hapa Moshi, barabara ya kiwanda cha sukari cha TPC ilivyo saa kumi na mbili asubuhi, wala Kiboriloni siku ya soko. Nianze na neno moja tu. Gari likitupita karibu mno, sisi tunasema "nimekoswakoswa." Mtu anafika nyumbani, anaegemeza baiskeli, anamwambia mkewe, "Leo nimekoswakoswa na Coaster." Mke anasema, "Mungu mkubwa." Chai inamiminwa, yameisha. Mimi naomba tumshukuru Mungu na namba ya gari tuiandike. Nimelisema hili kanisani, nimelisema kwenye kikao cha wazazi, na leo nalisema hapa.

Wale walionisikia wanivumilie, kisa ni kilekile. Ilikuwa mwezi wa nne, mvua zimeanza. Natoka shule, nimeshavuka Karanga naingia mjini, karia imebeba madaftari ya fizikia ya kidato cha pili. Nyuma nikasikia honi mbili, za magari mawili yanayogombea abiria mmoja aliyesimama mbele. La kwanza likapita vizuri. La pili, Coaster, likapita kwenye uwazi ambao haukuwepo. Saitimira yake ilipita juu ya bega langu na upepo wake nikausikia sikioni. Usukani ukacheza, tairi la mbele likatoka kwenye lami, na pale lami imeisha kama ngazi, unashuka shubiri nzima kwenye tope. Nikakita mguu. Mimi sikuanguka, madaftari yalianguka. Konda akachungulia mlangoni akapiga kelele, "Mama, kaa pembeni!" Pembeni ya wapi? Nilikuwa nimesimama kwenye tope.

Mwalimu hakosi chaki mfukoni. Namba ya gari nikaiandika kwenye tandiko la baiskeli, lile jeusi, herufi zikaonekana vizuri kuliko ubaoni. Nikaenda nayo kituoni. Kituo gani sisemi, na askari mwenyewe hakuwa mtu mbaya. Akaniuliza, "Umeumia wapi?" Sijaumia. "Baiskeli imeharibika?" Haijaharibika. "Sasa mama, unaripoti nini?"

Nikakosa jibu. Niligeuka nikaona kwenye benchi kijana mguu umefungwa kanga, nduguye kamshika bega, wanasubiri PF3, fomu ya polisi ya majeruhi, ili waende hospitali. Hapo ndipo nilipoelewa. Aliyegongwa ana fomu yake, inajulikana kwa jina, kila mtu anajua inapatikana wapi. Aliyekoswa hana karatasi. Yaani dereva yuleyule, kwa mwendo uleule, anaanza kujulikana siku ambayo vipimo vyake vimepungua kwa sentimita ishirini.

Siku ya tatu nikaenda stendi. Viongozi wa stendi wakasoma namba, wakamwita dereva. Akaja kijana mstaarabu kabisa, akaniamkia, "Shikamoo mwalimu." Nikamweleza mahali, saa, na tope. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, na alisema kwa moyo mweupe, "Mwalimu, si nilikukosa?"

Nataka mlishike hilo swali. Kwake yeye kazi ilikuwa imefanyika vizuri. Alinipima kwa jicho, akapita, hakunigusa. Nikamwomba anionyeshe kwa mikono aliniachia nafasi gani. Akatanua viganja hivi. Kama upana wa mkate.

Kesho yake nikarudi na fito niliyoikata shuleni kwa rula ya ubaoni, mita moja na nusu kamili. Hii hapa, ndiyo ninayotembea nayo. Nikaisimamisha baiskeli, nikailaza fito chini kuanzia mwisho wa usukani kwenda katikati ya barabara. Madereva wakakusanyika. Yule kijana akaitazama, akasema, "Lakini hapo si lazima nihamie upande wa pili?" Ndiyo, mwanangu. Unahama kama unavyohama kulipita trekta. Na kama mbele kuna gari linakuja, unatulia nyuma yangu mpaka lipite. Nimehesabu mara nyingi nikiwa ndani ya basi: ni sekunde sita, saba, mara chache kumi.

Kwa nini mita moja na nusu? Kwa sababu baiskeli haiendi kama reli. Inajisawazisha kwa kuyumba, hata kwa fundi. Mbele kuna shimo, kuna mchanga, kuna kuku. Na mzigo je? Wa Kahe na Mabogini mnabeba majani ya ng'ombe yanayozidi usukani kila upande, kwa hiyo nafasi ipimwe kutoka kwenye ncha ya mzigo. Kisha upepo. Lori likikupita kwa kasi linakusukuma kwanza kwenda nje, halafu linakuvuta kuja kwake. Gari la kilomita 80 kwa saa linakwenda mita 22 kwa sekunde moja. Dereva akitazama simu kwa sekunde hiyo moja, ameshapita urefu wa ukumbi huu.

Naona mzee pale anatikisa kichwa. Najua anachotaka kusema, maana nimeambiwa mara nyingi: baiskeli hailipii barabara. Mzee wangu, tangu 2017 hata ile ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa ikahamishiwa kwenye mafuta. Barabara inatunzwa kwa tozo ya mafuta, na mafuta yanalipiwa na anayeyachoma. Baiskeli haichomi na haichimbi lami. Na hata kama ingekuwa haichangii senti, tangu lini mtu akalipia haki ya kurudi nyumbani mzima?

Mwingine atasema, "Vaeni helmeti." Wanafunzi wangu wanaonisikia huvaa, na nawasifu. Lakini helmeti hailisogezi basi. Uingereza kuna mtaalamu anaitwa Ian Walker, wakati huo alikuwa Chuo Kikuu cha Bath. Mwaka 2006 alifunga kifaa cha kupima kwenye baiskeli yake, akapima magari zaidi ya 2,300 yakimpita. Aliona kwamba akivaa helmeti magari yanamsogelea zaidi, kwa wastani wa sentimita 8.5. Hesabu hiyo wenzake wameibishia mpaka leo, na mimi sisemi mtu avue. Jingine aliloliona ndilo ninalolijua hapa kwetu: mabasi na malori ndiyo yanayopita karibu zaidi. Katika utafiti huohuo aligongwa mara mbili, mara moja na basi, mara moja na lori.

Na sisi tuna makosa, nayasema mbele ya trafiki aliyekaa hapo mbele. Anayerudi saa moja jioni amebeba majani, hana taa wala riflekta, huyo dereva amuone kwa macho ya nani? Anayekata kipilefti cha YMCA kwa kupita kulia kwa sababu ni karibu, aache. Nimemaliza hilo.

Sasa ukiwa njiani. Usijibane kabisa kwenye ukingo wa lami. Ukijibana, dereva anaona kuna nafasi na anaitumia. Shika mstari wako, hatua moja kutoka ukingoni, mwendo usiobadilika. Geuza kichwa utazame nyuma mara kwa mara, dereva akiona uso wako anakuchukulia kama mtu. Honi ikilia usiruke. Legeza viwiko, tazama mbele. Akishakupita, usimfukuze. Kuna vijana hapa mnamfukuza mpaka kituo kinachofuata mkapige kioo. Kaka, hapo wewe ndiye utakayelala ndani na namba yake umeisahau. Simama. Vuta pumzi, maana mikono itatetemeka, hata yangu hutetemeka. Andika.

Uandike nini? Namba: T, tarakimu tatu, herufi tatu. Ukikosa zote shika herufi za mwisho. Rangi ya kibao: nyeupe ni ya biashara, njano ni ya mtu binafsi. Jina la gari, maana Coaster zetu zina maandishi makubwa kuliko madirisha. Mahali, kwa jina linalojulikana na watu. Upande lilikoelekea. Saa kamili, usiseme "asubuhi asubuhi." LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, wanafuatilia mwendo wa mabasi ya mikoani kwa kifaa kilichofungwa ndani ya basi, na saa yako na mahali pako ndivyo vitakavyowaonyesha pa kutazama.

Ukienda kituoni usiseme "nimekoswakoswa." Sema, "Nimekuja kuripoti dereva aliyeendesha bila uangalifu." Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inalitambua kosa hilo, na haisubiri mtu alazwe. Nilivyorudi mara ya pili na maneno hayo, daftari lilifunguliwa.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka kuwaeleza ya nje, nitagusa tu. Birmingham kule Uingereza na miji ya jirani, mwaka 2016, polisi walianza kupanda baiskeli bila sare. Dereva akiwabana anasimamishwa na mwenzao aliye mbele, anaonyeshwa mkeka uliochorwa baiskeli na ile mita moja na nusu. Ni fito yangu, wao wameichora. Ujerumani tangu 2020 ni mita moja na nusu mjini na mbili nje ya mji. Hapa Afrika, jimbo la Western Cape, Afrika Kusini, liliweka mita moja mwaka 2013. Mambo ya madaraja na mabega ya barabara nayaacha, ingawa daraja la Kikavu pekee lingetosha kikao kizima.

Daftari la kukoswakoswa limeanzishwa. Liko kwa fundi baiskeli Pasua, limefungwa kamba kwenye meza yake pamoja na kalamu. Kila mwisho wa mwezi nakili moja tutaipeleka kwa trafiki na moja stendi. Gari lililoandikwa na watu watatu tofauti, dereva wake tutakwenda kuzungumza naye, na fito hii nitaibeba mimi.

Yule kijana wa trei za mayai, uliyebanwa juzi jioni karibu na kipilefti, usiondoke. Njoo hapa mbele, tuanze na wewe. Unazikumbuka herufi za mwisho?